Habari za Ukoo Haziuzwi Hotelini

Haya ni maneno niliyoyasema Jumapili alasiri hapa Malindi, kwenye kikao cha jamaa zetu wenye asili ya Lamu, kabla ya safari ya mwezi ujao. Walioshindwa kufika waliomba yaandikwe yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Vicheko navyo nimeviacha, ingawa vilikuwepo.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mlioketi mbele, kina mama, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama watu wanaotafuta upenyo wa kutoroka: karibuni. Ingieni, mikeka ipo.

Mwenyekiti alinipigia simu akaniambia, "Mwalimu, njoo utuambie tukifika Lamu tule nini na tufanye nini bila kumaliza pesa." Nikasema sawa. Lakini kabla sijawaambia mle nini, nataka kuwauliza: tunakwenda Lamu kutafuta nini? Yuko hapa anayetafuta jina la babu yake. Yuko anayetafuta nyumba. Yuko anayetafuta kaburi. Kuna aliyesema anatafuta bwawa la kuogelea? Wewe kijana, teremsha mkono.

Wazee walisema rahisi inavunja upishi. Nguo ya rahisi hupauka, sufuria ya rahisi hutoboka, hilo silipingi. Lakini kwenye jambo hili letu la kutafuta wazee, mimi nimeona kinyume chake. Kila nilipotoa pesa nyingi Lamu, nilirudi mikono mitupu. Kila nilipokula kwa pesa kidogo, nilirudi na jina.

Acheni niwape kisa changu, na aibu yangu ndani yake.

Safari yangu ya kwanza nilikuwa nimestaafu juzi. Kiinua mgongo kimeingia, mwalimu kichwa kimempanda. Nikachukua chumba kwenye hoteli ya mbele ya bahari, sitaitaja. Asubuhi nakunywa chai juu darini: mayai, tosti, maji ya maembe, upepo wa bahari, raha tupu. Siku ya kwanza nikamuuliza mhudumu, "Mwanangu, unawajua watu wa nyumba za karibu na Msikiti wa Pwani?" Akaniambia, "Mama, mimi natoka bara, huu ni mwezi wangu wa pili hapa." Meza ya kulia, wageni. Meza ya kushoto, wageni. Nilikuwa nimelipa pesa nzuri ili nikae mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayeweza kumjua nyanya yangu. Mnanielewa? Nililipa ili nisijue!

Siku ya tatu nikakutana na kijana mmoja njiani, mchangamfu, ulimi wa asali. Nikamweleza shida yangu. Akaniambia, "Nyumba hiyo naijua." Akanipeleka mpaka mwisho kabisa wa mtaa wa Mkomani, kaskazini, akanisimamisha mbele ya mlango wa nakshi mzuri ajabu. "Hapa ndipo alipozaliwa nyanya yako." Nikalia, wallahi. Nikapiga picha, nikaushika mlango, nikampa kijana noti yake, nikarudi Malindi nikawaonyesha watoto.

Picha ile ilikaa ukutani kwangu mwaka mzima. Mlango wa watu!

Safari ya pili pesa zilikuwa zimekwisha, alhamdulillahi. Nasema alhamdulillahi kwa sababu bila hivyo ningerudi darini kwenye mayai. Nikaenda na mpwa wangu, tukapanga vyumba viwili ndani ya nyumba ya watu mtaa wa Langoni, choo cha pamoja, maji ya ndoo. Chai ya asubuhi haimo. Kwa hiyo alfajiri nikatoka kutafuta mahamri.

Nilifuata harufu ya iliki. Uchochoroni, kwenye kizingiti cha mlango, bi mmoja mtu mzima ameketi kibaoni na karai lake. Anasukuma donge, analikata pembe nne kwa kisu, anatumbukiza. Hamri linazama, linakaa kidogo, kisha linaibuka limevimba, naye analimwagia mafuta kwa upawa upande wa juu kabla ya kuligeuza. Pembeni sufuria ya mbaazi za nazi, kifuniko kimeachwa upande. Watoto wa chuoni, wa madrasa, wanapita na vikopo vyao, naye bi kila mmoja anamwita kwa jina lake na la mamake. Nikaketi kwenye kibaraza cha jirani na sahani yangu. Mahamri manne, mbaazi, chai ya mkandaa, yangu na ya mpwa wangu pamoja haikufika shilingi 200.

Akaniangalia kwa muda. Akasema, "Sauti si ya hapa, lakini mato ni ya hapa. U mwana wa nani?"

Nikamtajia baba, babu, na baba wa babu, kama tulivyofundishwa. Akatikisa kichwa. Nikamtajia baba wa nyanya yangu. Akatikisa kichwa. Nikamwambia nyumba nimeshaiona, iko mwisho wa Mkomani. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema nimeonyeshwa. Akaniuliza, "Nyanya yako alikwambiani kuhusu nyumba yao?" Nikamwambia nyanya alikuwa hana mengi, alikuwa akisema tu kwamba wakiwa wamelala vitandani, adhana ya Msikiti wa Pwani iliwaamsha.

Bi yule akaweka upawa chini. "Utoto wa nyanya yako palikuwa na vipaza sauti? Msikiti wa Pwani uko huku karibu na Ngome. Mwadhini aadhini kwa koo lake, mtu wa mwisho wa Mkomani amsikie akiwa kitandani? Umepotezwa, mwanangu. Nambia, *mamake* nyanya yako ni nani?"

Jamani, hili ndilo nililokuja kuwaambia leo, na mengine yote mkiyasahau nitawasamehe. Sisi tunahesabu nasaba kwa baba: fulani bin fulani bin fulani. Lakini nyumba za mawe za Lamu kwa desturi hazikufuata njia hiyo. Mzee alimjengea binti yake, au alimgawia sehemu ya nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Ndiyo maana mnaona nyumba mbili zinaunganishwa na wikio, kile kivuko cha juu ya njia, ndugu wa kike wapitiane bila kutoka nje. Ukitafuta nyumba kwa majina ya wanaume utazunguka Lamu mpaka viatu viishe. Uliza nyumba ilikuwa ya mama wa nani.

Nikamtaja mamake nyanya. Bi yule akacheka, akamwita mtu ghorofani, mtu naye akamwita mtu wa nyumba ya tatu. Hamri langu la mwisho lilikuwa halijaisha, nami nimeshikwa mkono napelekwa.

Nyumba ipo. Nusu yake imeanguka. Waliomo ni watu wengine, walitupokea vizuri, wakatuandalia kahawa. Ndani kwenyewe, ule ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, umesimama bado, safu kwa safu, chokaa imebanduka. Chumba ni chembamba, na mwenyeji akatueleza kwa nini: dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali, kwa hiyo upana wa chumba hauzidi sana mita 3. Nyanya yangu alikuwa akisema kitandani kwao akinyoosha mguu anagusa ukuta. Tulidhani ni maneno ya mtu aliyezoea kutia chumvi.

Haya, chakula. Naona kina mama mnataka bei. Bei sitawapa, zinapanda kila kukicha, nitawapa utaratibu. Asubuhi ni mahamri na mbaazi mitaani, au mkate wa mofa mkiupata ukiwa moto. Mchana tafuteni zile hoteli ndogo za ndani, kwenye njia ya pili kutoka baharini, ile wanayoiita Usita wa Mui, na si zilizotazama maji. Wali wa nazi, maharagwe, samaki wa kupaka. Agizeni sinia moja mle watu wanne. Sahani nne za mmoja mmoja ni uroho na ni hasara. Au nendeni sokoni pale ubavuni mwa Ngome asubuhi, mnunue samaki wenu, mmpe mwenye nyumba mliyofikia awapikie, nanyi mleteni nazi na mchele. Jioni pita tu njiani: viazi karai, bajia, mishikaki, maji ya ukwaju. Utashiba kabla hujafika mwisho wa mtaa.

Mkienda Ramadhani, mchana msitegemee kupata chakula, lakini magharibi mtakula vizuri kuliko siku zote. Na mkienda wakati wa Maulidi, Mfungo Sita, jueni vyumba hupanda bei na hujaa. Lakini ndio wakati jamaa waliotawanyika hurudi, ndio wakati wa zefe, yale maandamano ya kasida, na matwari pale Msikiti wa Riyadha, mbio za punda na mashindano ya bao, na kutazama hulipi chochote. Mimi nikiambiwa nichague mwezi mmoja wa kutafuta ukoo Lamu, ni huo, hata kama nitalala mkekani.

Sasa, mambo ya bure. Mtu akikwambia Lamu hakuna cha kufanya bila pesa, muulize amewahi kunywa kahawa Mkunguni?

Mimi ni mwanamke, na Mkunguni pale mbele ya Ngome mabaraza ni ya wanaume, sitawadanganya kwamba niliketi. Nilimtuma mpwa wangu. Nikamwambia: vaa kanzu, weka simu mfukoni, kunywa kahawa tungu, tazama bao, usiulize kitu siku ya kwanza. Akaona namtesa. Kijana wa Malindi, saa mbili bila simu! Siku ya pili wakamuuliza wenyewe: "Kijana, u wa wapi?" Mnaona? Mgeni anayeuliza hujibiwa kwa adabu tu. Mgeni anayeulizwa ameshakaribishwa. Kahawa vikombe vitatu, akarudi na majina sita na mwaliko wa kwenda makaburini na mzee mmoja.

Na hiyo Ngome yenyewe msiipite hivi hivi. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela, lakini kwetu sisi linalotuhusu zaidi ni kwamba ilikuwa gereza mpaka 1984. Kama kwenu kuna babu ambaye wazee wakimtaja wanashusha sauti, huenda alilala humo. Kuingia kuna kiingilio, na cha Mkenya ni kidogo kuliko cha mgeni, kwa hiyo bebeni vitambulisho. Vitambulisho mtavihitaji hata barabarani, kuna vizuizi. Kuketi kivulini nje ya Ngome ni bure.

Makaburini. Hapa niende polepole.

Mzee yule alitupeleka baada ya alasiri. Makaburi mengi hayana jina, hiyo ni dini yetu na ni sawa. Lakini mawe yenye maandishi yapo, kwa herufi za Kiarabu, na miaka ni ya Hijria. Akatusomea moja: jina lilelile la babu yake nyanya yangu! Mwaka 1318. Mpwa wangu akaruka, "Tumempata!" Nikamwambia tulia, tupige hesabu kwanza.

Hesabu yenyewe ni rahisi, andikeni. Mwaka wa Hijria mara 0.97, ongeza 622. Haitoi mwaka kamili, lakini inakufikisha jirani. 1318 inaleta karibu 1900. Sasa nyanya yangu alikuwa akisimulia jinsi babu yake alivyokuwa akimpakata na kumlisha halua, na nyanya alikuwa hajazaliwa 1900, hata miaka ishirini baadaye alikuwa hajazaliwa. Maiti hapakati mtoto. Basi huyu wa kwenye jiwe ni mwingine. Mzee akacheka: "Mjukuu hupewa jina la babu. Huyu huenda ni babu wa huyo babu yenu." Huenda. Bado tunalifuatilia, sijaandika kwa wino. Lakini ningekuwa na haraka kama ya ile safari ya kwanza, ningewabandikia watoto kaburi la uongo kando ya mlango wa uongo.

Mengine nitayapita haraka. Kutembea kwa miguu hadi Shela ni kilomita 3 hivi, nendeni asubuhi au jioni, mkifika kuna mchanga mpaka macho yachoke. Matondoni, kama kwenu kulikuwa na fundi wa majahazi, mwende; mafundi wakiona mtu anajua kutaja mkuku na mataruma, uti na mbavu za chombo, wanamkaribisha. Jengo la makumbusho lina kiingilio nalo. Vichochoro havina. Tembeeni tu, mpisheni punda, kina mama msiwapige picha bila ruhusa, na mkiona mtu ameketi dakani kwake, pale kibarazani mlangoni, salimuni. Lamu kupita mbele ya daka bila salamu ni kosa ambalo hakuna pesa ya kulifuta.

Kuna jambo jingine, nalo nalisema kwa heshima. Wapo kati yetu watakaofuata uzi wa ukoo wakakuta mwisho wake hakuna nyumba ya mawe wala sharifu. Watakuta mtu aliyeletwa kwa nguvu, hakuchagua bahari hii wala jina alilopewa. Mashamba ya Malindi hapa yalilimwa na nani? Utumwa ulifutwa kisheria pwani yetu mwaka 1907, hiyo si zamani sana, ni juzi ya nyanya zetu. Ukikutana nalo, usilitangaze barazani, na usimlazimishe mzee wa watu alitamke mbele ya wajukuu zake. Lakini usilifute daftarini. Yule naye ni mzee wako, na nina hakika alichoka kufichwa.

Na wengi wetu hapa hata hatukutoka Lamu mjini. Wazee wetu walitoka vijiji vya kaskazini, kuelekea Kiunga, wakashuka miaka ya vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na walichobeba ni walichokishika mkononi. Nyinyi msiende Mkunguni kwanza. Anzeni hapahapa Malindi, kwa mwenye miaka themanini mtaa wa pili. Nauli yake ni sifuri. Mmeshamuuliza? Wangapi? Watatu. Tuko watu arubaini na kitu humu ndani!

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie la pesa basi, kwa sababu sitaki mnielewe vibaya. Kubana matumizi si ubahili. Kuna mahali pa kutoa. Mkifikia kwa jamaa, ingieni na sukari, majani ya chai, mchele, na mkumbuke mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzee akiwapa asubuhi yake nzima makaburini, mpeni cha kahawa mkishaagana, kwa siri, mkono kwa mkono. Mpeni *baada*. Mkimlipa mtu kabla hajasimulia, atawasimulia mnachotaka kusikia. Mimi ninao ushahidi, ulikuwa ukutani kwangu mwaka mzima.

Basi litaondoka Malindi alfajiri, njia ya Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha tunavuka kwa boti. Tutavuka na ile ya abiria, si ya kukodi, msiniletee ukubwa. Bebeni maji, bebeni chakula cha njiani kutoka nyumbani, na kila mmoja aje na karatasi yenye majina mawili: mama wa nyanya yake mzaa baba, na mama wa nyanya yake mzaa mama. Asiye nayo aanze kuuliza usiku huu.

Maswali yapo? Mzee wangu pale nyuma, nimeuona mkono wako tangu nilipotaja Mkomani. Simama, baba. Usiniambie ule mlango ni wa kwenu.